Zamu ya Kubeba Jeneza

Nyumba yetu ya Jang'ombe na ya ami, mdogo wake baba, zinatumia ukuta mmoja. Zamani futari ikitoka kwetu kwenda kwa ami, sahani hairudi tupu. Baada ya uchaguzi mmoja ikarudi na futari yetu ile ile, haijaguswa. Baba chama hiki, ami chama kile. Ndugu wa tumbo moja wakanyimana hata salamu, na mtaani watu wakaacha kuzikana. Nasema wazi, niliwaona wapumbavu wote wawili.

Mwaka huu ami akaugua, hainuki. Nilichokiogopa ni kimoja tu: afe hawajasameheana. Asubuhi moja namsomea baba habari kwenye simu, nikakuta za kisiwa kimoja cha Karibea, kidogo kama chetu. Wamepiga kura, chama tawala kimeshindwa, aliyetoka amempongeza aliyeingia, watu wamerudi makazini.

"Hawakununiana?" baba akauliza.

"Hawakuandika hivyo, baba."

Akageuka kuutazama ukuta wa ami. "Kisiwa kizima kimeweza, na sisi watu wawili tumeshindwa. Ntakwenda kwa mdogo wangu. Ijumaa, nikishasali. Kutakana radhi kuna siku yake."

Ilikuwa Jumatano. Ningemshika mkono saa ile ile nikamvuta hadi mlango wa pili. Lakini nilikuwa na furaha, nikaona siku mbili si kitu. Nikampigia pasi kanzu yake.

Alkhamisi adhuhuri spika ya msikiti ikataja jina la ami.

Baba aliivaa kanzu ile ile akatoka. Sisi wanawake hatuendi makaburini, nikatazama dirishani. Kwetu jeneza hupokezanwa. Kila mtu hutia bega hatua chache akampisha mwengine, hata asiyemjua maiti hapotezi thawabu zake. Baba akajipenyeza, akanyoosha mkono. Mtoto mkubwa wa ami akamzuia, kwa adabu kabisa.

"Shikamoo, baba mkubwa. Marehemu keshatuusia. Wewe usimbebe."

"Marahaba," baba akajibu, mkono ungali juu.

Natamani kijana yule angemtukana. Mpita njia mmoja akashuka kwenye baskeli, akaiegemeza kwenye ukuta wetu, akaenda kutia bega pale alipokuwa atie baba.