Upepo Huandikwa Chini ya Jua

Kila asubuhi, kabla sijabandika chai, nafungua simu kuangalia hali ya hewa ya Shelisheli. Mimi, mtu wa Kiogoro, milimani Kisii, ambaye maji makubwa niliyowahi kuvuka ni mto wa pale bondeni, tena kwa daraja. Jirani akiniuliza kama leo itanyesha, namwambia aangalie mbingu mwenyewe. Akiniuliza mawimbi ya huko visiwani yako vipi, hapo atapata jibu.

Chanzo ni mume wangu. Ni fundi wa mawe. Alijifunza kazi Tabaka, kwenye machimbo ya mawe ya sabuni, akiwa kijana, akachoka kuchonga tembo na twiga wa kuuziwa wageni, akaingia ujenzi, na ujenzi ukambeba mpaka huko. Wanajenga hoteli kwenye kisiwa kidogo kisicho na uwanja wa ndege. Ukitaka kurudi nyumbani, kwanza unapanda mashua hadi kisiwa kikubwa, ndipo unapanda ndege.

Mwaka jana mama yake aliugua. Moyo, walituambia hospitalini Kisii, wakaturudisha na dawa za kupunguza uvimbe wa miguu. Nilikuwa nakaa naye nyumba moja, na tangu niolewe tulikuwa tunagombana kwa raha zetu: chumvi imezidi, kuni zimelowa, kuku wangu wamekula mboga yake ya chinsaga shambani. Alipougua aliacha hata kugombana, na hilo ndilo lililonitisha. Alitaka kitu kimoja tu, amwone mwanawe kabla hajafumba macho. Mume wangu aliomba ruhusa, akapewa bila maneno. Ikabaki mashua.

Basi kila asubuhi nilikaa kando ya kitanda chake nikamsomea simu, nikimgeuzia kila kitu kwa Kigusii. Hakukuwa na mengi ya kugeuza. Kisiwa cha kwanza, jua. Cha pili, jua. Kile cha mwanawe, jua. Cha uwanja wa ndege, jua.

"Basi leo anakuja," Mama alikuwa akisema, na kuniagiza nimtafutie kile kitambaa chake cha kichwa cha Sabato.

Mchana mume wangu alipiga simu. Bahari imechafuka, mashua haitoki. Kesho yake hivyo hivyo. Kesho kutwa vilevile.

Sasa elewa jinsi sisi wa milimani tunavyofikiri. Kwetu asubuhi ni ya kazi na alasiri ni ya mvua. Unachuma chai, unaanika mahindi, unakwenda sokoni, na saa nane ukiona wingu jeusi unakimbia. Tunaogopa mvua ya mawe, tunaogopa radi. Jua likiwaka, safari ipo, nani atakuzuia? Upepo? Upepo kwetu ni wa kukausha nguo.

Kwa hiyo siku moja nilimpasulia mume wangu kwenye simu. Nilikuwa nimechoka, Mama hakulala vizuri, na kitambaa kilikuwa kimekunjuliwa na kukunjwa tena mpaka kimekwisha nguvu.

"Ebu niambie ukweli," nikasema. "Jua linawaka visiwa vyote, naliona hapa kwa macho yangu, na wewe unaniambia bahari imechafuka? Kwani bahari inaogopa jua? Kama umepata wa kukupikia huko, sema tujue."

Akasema, "Mama Watoto, upepo umeandikwa chini ya jua. Teremsha kidole." Akakata.

Baadaye akatuma video. Nilimshikia Mama simu karibu na uso. Mbingu ilikuwa safi kabisa, ya buluu, haina hata kipande cha wingu. Na chini ya mbingu hiyo nzuri bahari yote ilikuwa imegeuka nyeupe, mashua ya kampuni inaruka kwenye kamba zake, na upepo unapiga kelele kiasi kwamba sauti ya mume wangu, anayesema "mnaona?", ilisikika mara moja tu ikapotea. Ndio huo upepo wa kusi, alituandikia. Unakuja na jua lake na unakaa miezi.

Mama aliniambia nirudie. Nikarudia. Aliitazama asubuhi nzima, uji ukapoa.

"Nyasae!" akamwita Mungu mwishowe. "Kumbe kuna mahali jua linadanganya."

Tangu siku hiyo hakuuliza jua tena. Nikiingia tu: "Upepo?" Nikateremsha kidole, nikamsomea. Alijifunza upepo upi ni wa kufunga mashua na upi ni wa kufungua. Majani ya migomba yakitikisika nje alikuwa akigeuza kichwa na kusikiliza, kana kwamba upepo wetu na ule ni mtu na ndugu yake. Kitambaa hakukiulizia.

Alizidi kuwa mwepesi. Nilikuwa namnyanyua peke yangu kumgeuza, mwanamke aliyewahi kubeba mkungu wa ndizi kichwani mpaka sokoni huku akinitukana kwa kubaki nyuma.

Kisha mume wangu akapiga asubuhi moja, sauti imechangamka. Kuna mvuvi anayevuka kesho na kiboti chake. Amekubali kumchukua.

Moyo wangu uliruka. Haki ya Mungu, uliruka. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema njoo, njoo hata leo, na Mama akanyoosha mkono.

"Nipe simu."

Nikampa. Hakumsalimia hata.

"Upepo?" akauliza.

Mume wangu anaweza kunidanganya mimi. Mama yake hajawahi kumweza.

"Upo, Mama."

"Kama ule wa kwenye picha?"

"Umezidi kidogo. Lakini mvuvi ni mzoefu."

"Hata Petro alikuwa mvuvi," Mama akasema, "na alizama Yesu akiwa pale pale. Kaa."

"Mama, nataka kukuona."

"Mimi nilikuona wewe kabla hujajiona. Kaa huko. Upepo ukishuka utakuja. Mimi siendi popote."

Akanirudishia simu akageukia ukuta. Nilitoka nje bila kusema neno, nikaenda shambani. Nilichuma chai kwa hasira, si majani mawili na chipukizi, nilinyakua kila kitu, majani magumu, vijiti, mpaka karani wa kituo cha kupimia chai akanimwagia kikapu chini na kuniuliza kama nimeanza kuchumia ng'ombe. Nilikuwa nimemkasirikia Mama. Mume ni wangu pia! Mimi ndiye ninayelala upande mmoja wa kitanda kana kwamba ule mwingine una mtu. Hakuna aliyeniuliza mimi kama aje.

Mama alikufa Sabato iliyofuata, asubuhi, jua likiwaka vizuri. Kitambaa nilimfunga mimi. Upepo ulishuka wiki hiyo hiyo, mashua ya kampuni ikatoka, na mume wangu akafika tukamzika kando ya migomba yake.

Watu walipotawanyika tulibaki wawili pale kwenye udongo mbichi.

"Kile kiboti kilifika," akasema.

"Kipi?"

"Cha mvuvi. Kilifika salama. Akarudi na vitunguu na mafuta ya kupikia." Alikuwa akiponda donge la udongo mkononi. "Ningemkuta Mama. Nilishika simu nikisubiri wewe uichukue useme nije."

"Ningesema," nikamwambia.

"Najua."

Hatukulizungumza tena. Kazi ya visiwani haikuwa imekwisha, akarudi.

Mwaka huu upepo wa kusi umerudi kwa wakati wake, na likizo yake imeangukia humo humo. Juzi alipiga simu. Mashua ya kampuni imefungwa, lakini mvuvi yule yule anavuka kesho.

"Nije?" akaniuliza. Mara hii aliniuliza mimi.

Nilifungua hali ya hewa yeye akiwa bado hewani. Jua, jua, jua, visiwa vyote. Nilitaka niishie hapo. Nilikaa na kidole juu ya kioo, nikijua kwamba kiboti kile kilifika, na kwamba kesho kutwa angekuwa anavua viatu mlangoni hapa. Nikateremsha kidole nikasoma.

"Kaa," nikasema.

"Umeanza kuongea kama Mama."

"Nyamaza, kaa huko," nikamwambia, nikakata simu. Nilitaka aje. Mungu ananiona, nilitaka aje.