Kompyuta Nne Nyuma ya Pazia

Munisamehe kwa makosa ya herufi na kwa mwandiko unaolala. Niliishia darasa la sita, na ukurasa mmoja unanichukua siku nzima. Lakini kusema mbele ya watu ni kugumu zaidi kwangu.

Hapa Bukavu ninakaa peke yangu katika nyumba ya kaka, ambaye yuko kwenye machimbo ya zahabu huko Mwenga. Nyuma ya pazia niko na kompyuta nne nilizotengeneza kutoka vyuma vya zile zilizokufa. Zinafanya hesabu za wataalamu wa mbali wanaotafuta dawa za magonjwa. Wanatuma kipande cha hesabu kwa intaneti, mashine zinakichambua siku nyingi, kisha zinarudisha jibu. Silipwi. Kipande kikichelewa, kinapewa mtu mwingine.

Parsele yetu, yaani kiwanja chetu, ina nyumba sita na waya mmoja wa umeme. Kila nyumba iliruhusiwa taa na redio. Jirani yangu, mama mujane, peke yake aliruhusiwa frigo, kwa sababu ya sambaza, samaki wadogo aliokuwa akiwauza. Watu walijua tu kwamba ninatengeneza redio; mashine zangu hakuna aliyezijua.

Mwezi mmoja taa zilififia mpaka zikawa nyekundu. Mwenye parsele akapiga kelele uani:

"Kuko mwizi wa umeme hapa! Leo nitamujua!"

Njia yake ni hii: anachomoa waya za nyumba moja moja, na watu wote wanatazama taa ya uani. Ikiongeza mwangaza kwa zamu yako, mwizi ni wewe. Nilipomsikia tu, nilizima zote nne.

Kwangu taa haikubadilika. Kwa mama mujane ikang'aa.

"Huyu mama iko na resho ya umeme! Anapikia ndani!"

"Ndiyo maana hatumuoni na makaa!"

"Bwana alikufa, sasa ameolewa na umeme yetu!"

Wakacheka sana.

"Ni frigo tu, Papa," mama mujane alimwambia mwenye parsele. Kisha akanigeukia. "Mutoto yangu, wewe unajua mashine. Waambie frigo haikule umeme mingi."

Nikatazama miguu yangu.

"Sijui, Maman. Frigo za zamani zinakula sana."

Wakakata waya wake kwa koleo. Nikaingia ndani, nikawasha mashine zangu. Hesabu ilikuwa imebaki kidogo.

Siku ya tatu sambaza zikanuka. Watoto walipita mlangoni pake wameziba pua, wakimuimbia. Alizimwaga mtaroni mwenyewe, mfuko kwa mfuko. Siku hiyohiyo jibu langu lilikubaliwa. Nilifurahi, siwezi kudanganya.

Alihama. Sasa anapalilia mashamba ya watu huko Mudaka. Taa bado zinafifia, na watu wanalaumu mvua.

Nikienda kwake, najua nitanyamaza tena. Nikimtumia barua, hajui kusoma. Mtu atamsomea kwa sauti, habari itarudi hapa, na waya wangu utakatwa. Mashine zinafanya kazi hata sasa ninapoandika. Wewe unayesoma, uniandikie: ungeenda? Ungezizima? Nijibu, hata kama ni kwa kunitukana.