Nyama ya Kocha, Mifupa ya Bibi

Nilikuwa namenya viazi simu ilipolia, na viazi vile, mwenzangu, havikumenywa tena siku ile. Ulikuwa ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la watu wa mtaa wa zamani. Mtoto wa jirani yetu, ambaye zamani alikuwa kijana mwembamba wa kurukaruka na sasa ni mtu mzima mwenye kitambi, anasema anamtoa Riyadh Kocha wetu wa zamani wa basketi, anamleta Jeddah. Mzee kachoka, mikono inamtetemeka, anataka kutuona. Tukutane Ijumaa baada ya alasiri, palepale palipokuwa uwanja. Watu wakaanza kujibu. Mmoja alisema atakuja na halua. Mwingine alisema atakuja na bakora. Labda alikuwa anatania, lakini hakuna aliyecheka.

Nikampigia kaka yangu. Siku hizi anaendesha lori kati ya Jeddah na Riyadh, na lori lenyewe alilitafuta la gia za otomatiki makusudi, maana kifundo cha mkono wake wa kulia hakikunji sawasawa. Nikamuuliza kama kasikia. Akasema kasikia. Nikamuuliza kama atakwenda. Akampigia honi mtu barabarani. Mwisho akasema atatazama safari zake, na mie namjua, hiyo si ndiyo wala si hapana.

Ngoja nikusimulie ilivyokuwa, maana wewe hukukaa Karantina. Ni kusini ya Jeddah, karibu na bandari, na miaka ile kila Mwafrika asiyekuwa na pa kwenda alikuwa anapajua. Nyumba yetu ilikuwa imepasuka kuta, na bibi alikuwa anaziba nyufa kwa saruji mwenyewe, amekunja kanga hadi magotini. Alitoka Unguja msichana, baada ya mapinduzi, na tokea hapo hakuacha kupika Kiunguja. Nazi ilikunwa kila siku. Harufu ya nazi, dizeli na maji machafu, hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu, na leo nikiipata mahali naweza kulia wallahi.

Juu ya paa tulikuwa tumempangisha chumba mwanamke wa Kenya. Tulimwita Dada wa Juu. Ndiyo miaka ile wasichana wa Kenya walikuwa wanaletwa kwa wingi kufanya kazi za ndani, na madam wake alimmwagia maji ya moto begani, akamtoroka kafili wake, yule tajiri anayekudhamini nchini, bila kitu, hata ikama, kibali cha kukaa, hana. Kumbe kwao sekondari alicheza basketi. Yeye ndiye aliyetufundisha sisi wanawake sheria za mchezo, tukiwa tumekaa juu ya paa nyuma ya ukingo, na uwanja uko chini yetu.

Mwanamke hakushuka uwanjani, hilo lilikuwa halina haja hata ya kusemwa. Kwa hiyo Karantina yote ya kike ilitazama mpira kutoka juu ya mapaa, na sinia mkononi za kupiga tukishangilia. Mpaka leo wachezaji wa timu ile nawajua kwa utosi. Uwanja wenyewe ulikuwa kipande cha lami kati ya gereji na ukuta wa ghala, na goli mbili, pete za chuma zilizochomelewa kwenye nguzo. Ukianguka pale ngozi inabaki.

Na katikati ya lami ile, Kocha. Mrefu, shingo ndefu, kofia ya viua, filimbi mdomoni na bakora ya mtobwe mkononi. Naye mtu wa Unguja. Mchana kutwa alikuwa karani wa ghala, lakini jioni, we, alikuwa sultani. Mchezaji akichelewa alilala kifudifudi juu ya lami ya moto akachapwa. Akipoteza mpira alisimama, mikono chini, na wenzake wakamrushia mipira ya uso mpaka Kocha apige filimbi. Mikono chini, hiyo ndiyo ilikuwa sheria kubwa. Anayeadhibiwa hakingi. Niliona pua zikitoka damu, niliona mdomo wa kijana mmoja ukipasuka vipande viwili, akashonwa na bibi kwa uzi wa kushonea nguo, kesho yake yuko uwanjani. Na sisi juu tulikuwa tunafanya nini? Tunakula maandazi. Dada wa Juu pekee alikuwa anasonya. "Huyo mzee basketi anaijua, si uongo," alikuwa anasema. "Lakini ana roho ya madam wangu."

Siku kaka alipotimiza umri wa kuingia timu, bibi alivaa buibui lake jema akamwita Kocha nyumbani. Akampa kahawa, akampa mkate wa kumimina, halafu akamkabidhi kijana kwa maneno yaleyale ambayo wazee wetu humkabidhi nayo mwalimu wa chuoni anayesomesha Kurani: nyama yako, mifupa yetu. Maana yake mwalimu ana ruhusa ya kuchapa, mwili ni wake, lakini mtoto arudi nyumbani na mifupa mizima. Kocha akaweka mkono kifuani, akasema kakubali. Mie nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Kaka alikuwa anatabasamu, masikini, utadhani kaposewa mke.

Na nyama ilichukuliwa, usifikiri haikuchukuliwa. Kaka alirudi na michirizi miguuni, bibi anampaka mafuta ya nazi, anamuuliza kama mifupa iko. "Iko, bibi." Basi ale, alale. Lakini tulishinda! Nikwambie nini, timu ya watoto wa Karantina, nusu yao hawana viatu vya maana, ilizipiga timu za mtaa wa Al-Mahjar, ikazipiga za mitaa ambayo sisi tulikwenda kufagia tu. Kila mechi kubwa iliisha kwa ugomvi. Chupa zilirushwa, viti vilirushwa, mara moja shabiki wa upande wa pili alichomoa spana ya gereji akampasua mtu kichwa, na sisi juu tukamnyeshea kandambili na maji ya mchele mpaka akakimbia. Kocha alisimama katikati ya vurugu hilo anapanga wachezaji wake kwa bakora, shati jeupe lina matone ya damu ya watu. Tulimpenda. Ningekudanganya nikisema vingine. Tulimwogopa, tulimlaani tukiwa tunaosha majeraha, na akipita njiani tulimpelekea sahani.

Halafu ikaja habari ya Riyadh. Chuo kimoja kikubwa huko kilikuwa kinamtaka Kocha, na kilimruhusu aje na mchezaji mmoja, atasoma bure, na chuo chenyewe kitakuwa kafili wake. Unaelewa hiyo ni kitu gani kwetu? Baba yetu alikuwa dereva wa mtu, na siku mtu huyo akikasirika sote tungerudishwa nchi ambayo hatujawahi kuiona. Ikama ya chuo ilikuwa mlango. Kocha alimwambia bibi waziwazi kwamba mchezaji huyo ni kaka. Bibi akaanza kumshonea mto. Ikabaki mechi moja tu, fainali na Al-Mahjar.

Tulifungwa. Dakika za mwisho kijana wa Al-Mahjar aliteleza akaanguka, na kaka, mwenye mpira, badala ya kumruka aende kufunga, alisita asimkanyage kichwa. Ndiyo kusita tu. Wakamnyang'anya. Filimbi ya mwisho ilipolia Kocha alimwita kaka katikati, mbele ya watu wote. Bakora ikapanda. Na kaka, aliyesimama mikono chini miaka yote ile, siku ile aliinua mkono wa kulia akaukinga uso. Pigo likatua mkononi. Kila mtu alidhani ataishia hapo. Lakini Kocha aliona kakaidiwa hadharani, akapiga tena, palepale, kwa nguvu zaidi. Mlio wake tuliusikia juu ya paa. Dada wa Juu alinishika bega. "Amevunja," akasema.

Nilipogeuka bibi hayupo. Nikamwona chini. Bibi, mwanamke, anakata uwanja na buibui lake, machicha ya nazi bado yako mikononi, na wanaume wanampisha. Sauti yake ilipanda ikatufikia sote juu ya mapaa.

"Maalim. Nilikwambia nyama. Mifupa nilikwambia yangu."

Bibi akaichukua bakora mkononi mwa Kocha, na yeye akaiacha ichukuliwe. Akampiga ya mgongo, moja, kwa mkono uliokuna nazi maisha yake yote. Kofia ikaanguka. Na Kocha alisimama hivyo hivyo, mikono chini, kama alivyokuwa anawafundisha watoto wetu kusimama. Bibi akaitupa bakora, akamshika kaka kwa mkono mzima, wakaondoka.

Ungedhani mtaa ungesimama na sisi. Weee! Kwanza paa moja lilipiga sinia na paa la pili lilikuwa linalia. Kufika Isha watu wameshagawanyika. Wengine walisema bibi kafanya kilichokuwa kifanywe zamani. Wengine wakasema kamvunjia heshima mwalimu, na kweli Kocha aliondoka wiki ileile kwenda Riyadh bila kumuaga mtu, timu ikafa. Alimchukua mtoto wa jirani. Mama yake, aliyekuwa anatuletea sahani ya futari kila Ramadhani, alikata sahani. Wanaume waliomwona kaka na mkono umefungwa mbao walimwambia angevumilia pigo moja tu angekuwa chuoni saa hizi. Mfupa uliunga vibaya, ukaacha kinundu. Mto aliomshonea bibi nililalia mie.

Sasa sikiliza kichekesho. Timu ya chuo kile ilipoanza kushinda, mechi zikawa zinaonyeshwa kwenye simu, na sisi tukawa tunazitazama. Nyumbani kwetu! Dada wa Juu anaishika simu, sote vichwa vimekusanyika, na Kocha yupo pembeni ya uwanja na suti, hana bakora, ila anatembea vilevile. Tunamtukana na tunaomba ashinde, kwa pumzi moja. Kaka alikuwa anatoka nje. Bibi alikuwa anakwenda jikoni kwa hasira, anagonga masufuria, halafu baada ya kitambo tunamsikia anauliza, "Wamefunga?"

Dunia ikaendelea kupiga kila mtu zamu yake. Dada wa Juu alikamatwa kwenye msako akarudishwa kwao. Chuo nacho kilimfukuza Kocha, kwa sababu alimpiga kijana ambaye baba yake ni mtu mkubwa, na huko hakuna aliyempa ruhusa ya nyama wala mifupa. Halas, mpira ukamwishia. Madereva wakawa wanatuletea habari kwamba yuko Al-Dirah, kule sokoni Riyadh, kakaa katika kiduka cha tasbihi cha mtu mwingine, hasemi na watu wa Jeddah wakipita. Bibi alizisikia habari hizo akasema Mungu ampe subira. Sikujua kama ni dua au ni kisasi. Halafu bibi naye akafa, na muda si mrefu wakaja na mashine wakaibomoa mitaa yetu, nyumba kwa nyumba.

Basi Ijumaa ikafika. Nilikwenda na chupa ya chai ya tangawizi, na nikijiambia sitammiminia hata tone. Pale pamesawazishwa, mwenzangu. Ardhi tupu, vumbi na vipande vya vigae. Tulibishana uwanja ulikuwa wapi, mmoja anasema huku, mwingine kule. Gari la mtoto wa jirani likasimama, Kocha akateremshwa. Kapungua. Ile shingo ndefu imeinama. Akatembea, ameshikwa kwapa, akafika mahali akasimama.

"Goli lilikuwa hapa."

Hakuna aliyebisha. Wakaanza kumwendea mmoja mmoja. Wengine walimbusu paji la uso wakalia kama watoto. Yule wa mdomo ulioshonwa alikuja na gari kutoka Makka, mwendo wote ule, na hakushuka. Alikaa ndani kafungua kioo, anatazama. Dada wa Juu alikuwa katuma sauti yake kutoka Kenya, akaniomba nimchezee mzee: anasema anamchukia kabisa, na anamuuliza kama anakula vizuri. Kocha aliisikiliza mpaka mwisho, akaomba niirudie.

Lori lilipoingia vumbini nilijua ni kaka. Alishuka, akaja polepole, akatoa mkono wa kulia. Kocha akaupokea kwa mikono yake miwili inayotetemeka, na mkono wa kaka ukawa unatetemeka pamoja nayo. Kidole gumba cha mzee kilikipapasa kinundu, kikakipata, kikatulia hapo.

"Niwie radhi, mwanangu."

"Nyama nimekusamehe, Kocha," kaka akasema. "Zamani sana. Mifupa si yangu. Ilikuwa ya bibi, na bibi kafa."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akauachia mkono wa kaka, akajivuta akanyooka, akaiteremsha mikono yake pande mbili, chini kabisa, akasimama anangoja. Nikainua macho bila kutaka, kutafuta paa letu, sinia zetu, ukingo ambao tulikuwa tunaegemea na maandazi yetu na kelele zetu. Mbingu tu. Mwenye haki ya kupiga hayupo, na mwenye haki ya kusema basi, inatosha, hayupo vilevile. Tulisimama sote hapo juani na mzee wetu, mpaka miguu yake ilipoanza kulegea, na kaka akaenda kumletea kiti.