Siku Duara Langu Lilipotitia Katikati ya Posa

Mkinikuta Buseresere, mtu akaniuliza kwa sauti "Vipi, wametoka wote?" halafu kijiwe kizima cha bodaboda kikaangua kicheko, msidhani ni salamu ya huko, ni mimi nachekwa, tena nachekwa kwa haki, na kwa kuwa stori yenyewe mmeshaisikia imetiwa chumvi na watu ambao hata hawakuwepo, afadhali niitoe aibu yangu mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Kwanza mjue kazi yangu. Nafundisha kompyuta chuo kimoja Shinyanga mjini, lakini nina kazi nyingine isiyo na mshahara (msicheke bado, mtachoka mapema). Kuna wanasayansi wa miamba, wametapakaa kila bara, wanaandika kwa pamoja programu ya kuchora tabaka za ardhi na wanaigawa bure, yeyote aichukue, aifungue, airekebishe, na mimi ndiye natunza seva zao, yaani zile kompyuta za mbali ambamo programu inakaa na ambako watu wote hao hukutana kuulizana maswali. Seva ikianguka, hakuna anayefanya kitu. Siku walipotaka kuzipa majina, mimi mtoto wa Kolandoto niliyemaliza likizo zangu zote Geita kwa mjomba mchimbaji nikaona hapa ndipo pa kuitangaza nchi, nikapendekeza ile kubwa iitwe Duara, kama wachimbaji wetu wanavyoliita shimo la dhahabu. Wakalipenda kweli. Rosa, mama mmoja wa Peru ambaye ndiye kama kiongozi wetu, akasema ni jina lenye uhai.

Sasa, mimi ni msahaulifu. Duara likianguka simu yangu ilikuwa inalia "ti" moja ya unyonge, nami naidhania ujumbe wa vocha, naendelea na yangu, mpaka Rosa akalalamika kwa upole ule unaouma kuliko matusi. Nikaamua kutafuta mlio ambao mtu aliyekulia machimboni hawezi kuupuuza. Nikajifungia chumbani nikajirekodi kwa sauti yote niliyojaliwa na Mungu: "Duara limetitia! Watu wako ndani! Acheni mnachofanya, kimbieni!" Nikaupanga urudie na kurudia mpaka niuzime kwa mkono. Mara ya kwanza ulipolia nilikuwa naoga, na niliifikia laptop nikiwa na sabuni yangu (jirani aliniona, yaliyobaki hayawahusu). Nikajipongeza sana, ningejua ningejizaba kofi.

Haya, ikafika siku ya posa. Kabula, mchumba wangu, ni mwalimu, lakini kwao ni kijiji cha machimbo karibu na Buseresere, upande wa Geita. Baba yake, Mzee Masanja, ana duara la kweli, la udongo na mawe, nyuma kidogo ya nyumba yao, na kaka yake Kabula, Lushinge, anashuka humo kila siku ya Mungu. Mshenga wangu alikuwa baba mdogo Ng'wandu, mwalimu mstaafu anayependa kuongea kuliko kula. Tangu Shinyanga alikuwa ananionya: "Leo wewe huna mdomo. Ukiulizwa, nimeulizwa mimi. Hata chafya, ipige ukiangalia chini."

Tukafika, shikamoo na marahaba zikapita, tukakalishwa chini ya turubai, pilau ikawa inanukia, na pembeni wamekodi spika kubwa ya harusi iliyoelekezwa machimboni ili hata walio kazini wajue kwa Mzee Masanja kuna shughuli. Ila simu ya mpiga muziki ikaisha chaji. Watu wakaangaliana. Na mimi, mtu niliyeambiwa sina mdomo, nikajitia kimbelembele cha mikono, nikatoa yangu, nikaiunganisha na spika, kwaya ikaanza kuimba, mama yake Kabula akanitazama kwa tabasamu. Hilo ndilo kosa lililozaa mengine yote, kutaka tabasamu la mama mkwe.

Baba mdogo alikuwa amefika mbali. Alikuwa ananisifia. "Kijana wetu ni mtulivu," alisema, mkono hewani, "tangu azaliwe hajawahi kupaza sauti."

Spika ikanguruma: "DUARA LIMETITIA! WATU WAKO NDANI! ACHENI MNACHOFANYA, KIMBIENI!"

Jamani. Sijawahi kuona turubai likibaki tupu namna ile. Sahani zikaruka, wajomba waliokuja na fimbo za heshima wakazitupa, Mzee Masanja akatoka na koti lake la suti na kiatu kimoja, akanyakua koleo, baba mdogo Ng'wandu naye (mgeni, mstaafu, mwenye goti bovu) akakimbia na sufuria, sijui alitaka kuchotea nini. Mama Kabula alikimbia peku akiita, "Lushinge! Lushinge mwanangu!" Nikabaki mimi na bibi mmoja asiyesikia vizuri, aliyekuwa anaendelea na pilau yake. Akaniuliza, "Kwani wamechinja tena?"

Nilipaswa kuizima simu, najua, lakini ilikuwa chini ya meza iliyopinduka, na sauti yangu inaendelea kubweka, na huko machimboni maduara yote yalikuwa yanatapika watu, kila kundi likiamini aliyefukiwa ni wa jirani. Wakahesabiana. Wametimia. Wakahesabiana tena. Lushinge akatoka mzima, mweupe kwa vumbi, akishangaa kwa nini mama yake anamng'ang'ania. Na spika bado inasema watu wako ndani. Kabula ndiye alirudi wa kwanza, akasimama mbele yangu, akasikiliza kidogo.

"Shija," akasema taratibu, "hiyo si sauti yako?"

Nikaipata simu, nikaizima. Nilipoinua kichwa, kijiji kizima kilikuwa kimeshafika na makoleo na kamba. Mzee Masanja akanisogelea anahema.

"Duara la nani limetitia?"

Nikamwangalia baba mdogo. Akatua sufuria. "Ongea," akasema, "leo mdomo umeruhusiwa."

"Langu, baba."

"Lako! Mshenga katuambia unafundisha kompyuta. Kumbe una duara? Liko wapi?"

"Sijui vizuri, baba. Nadhani Ujerumani."

"Una duara hujui liko wapi! Na ndani kuna watu?"

"Leo lipo darasa zima."

"Darasa?" Mama mmoja akashika kichwa. "Kuna watoto humo?"

"Wanafunzi tu, mama."

"Wanafunzi! Mayu wee! Na msimamizi wao nani?"

"Mimi."

"Na umekaa hapa unasubiri pilau!"

Ningeshapigwa kama Kabula asingeingilia kati na kuwaeleza kwamba Duara ni jina tu, ni kompyuta, hakuna udongo. Watu wakaanza kuelewa, na kadiri walivyoelewa ndivyo nilivyotamani kuwe na shimo la kweli niingie. Ndipo akasogea Maduhu, kiongozi wa wachimbaji wa Mzee Masanja, mwanaume mpana, koleo begani.

"Ngoja kwanza," akasema. "Hao wanafunzi wapo kweli, au nao ni jina?"

"Wapo kweli. Mwalimu wao, mama mmoja anaitwa Rosa, anawafundishia humo leo, sasa hawawezi kuendelea."

"Yaani wamekwama."

"Ndiyo, wamekwama."

"Basi watoe. Sisi duara likititia haondoki mtu mpaka atoke wa mwisho."

Nilidhani ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki. Mtandao pale uani ulikuwa hafifu, wakanipandisha juu ya lundo la magwangala, yale mawe ya taka yaliyokwisha kutolewa dhahabu, nimevaa suti ya posa, laptop yangu, ambayo siiachi nyumbani, juu ya ndoo iliyofunikwa kifudifudi, na ukoo mzima wa wakwe umesimama chini ukinitazama. Nikaingia kwenye seva. Diski ilikuwa imejaa kumbukumbu za zamani ambazo kila wiki nilikuwa najiahidi kuzifuta, nikamweleza hivyo Maduhu aliyepanda nami.

"Anasemaje?" wakauliza walio nyuma.

"Mlango umezibwa na taka," Maduhu akawatangazia.

"Zoa!" wakapiga kelele. "Zoa, nsumba, zoa kijana!"

Nikazoa. Nafuta, naogopa nisifute programu yenyewe, na chini watu wanafuatisha kwa sauti kama wanavuta kamba. Duara likaamka. Kwenye ukurasa wa maongezi likatokea jina la kwanza, binti mmoja wa Bolivia.

"Katoka mmoja!" Maduhu akanguruma, na vigelegele vikapigwa, nawaambia, vigelegele vya harusi. Wakataka majina. Nikawa nasoma, jina baada ya jina, na kila jina linashangiliwa, na Rosa huko kwao hajui kwamba wanafunzi wake wanapokelewa na wachimbaji wenye matope. Wakatoka wote isipokuwa mmoja. Tukamngoja. Kelele zikaisha, watu wakavua kofia, jamani, wakavua kofia. Mwisho Rosa akaandika kwamba huyo kijana, baada ya mtambo kuzimika, aliamua kwenda kula.

"Yuko wapi wa mwisho?" akauliza Mzee Masanja.

"Kaenda kula, baba."

"Kama wewe!" akasema, na hapo ndipo kijiji kizima kilianguka kwa kicheko, na mimi nikajua mke huenda nikapata ila heshima basi.

Ila nilipoteremka nilimkuta Mama Kabula amekaa kwenye kiti bado peku, miguu imechanwa na mawe, kashika shati la Lushinge kwa nyuma kama mtoto anayeogopa kupotea sokoni. Hakucheka. Nilipiga magoti, nikaomba radhi, na sauti yangu yote ile ya kwenye spika haikuwepo. Akanyoosha mkono.

"Lete hiyo simu," akasema.

Posa ilikubaliwa, sharti likawa moja, naye ndiye aliyelitoa. Kabla hatujaondoka aliufuta mlio wangu kwa mkono wake (Kabula akimwonyesha pa kubonyeza), akarekodi wa kwake. Rosa na wenzake nilipowasimulia waliibadili seva jina bila hata kupiga kura, sasa inaitwa Pilau. Ikianguka, popote nilipo, darasani, kanisani, kitandani, namsikia mama mkwe akisema kwa upole, "Baba, pilau inapoa," nami nasimama wima haraka kuliko nilivyowahi kusimama kwa kelele yoyote.

Taka nazizoa kila Jumamosi sasa. Na kompyuta nitaziita ugali, nitaziita mbuzi, nitaziita lolote, ila sitazipa tena jina la mahali ambapo mama wa mtu anaweza kupakimbilia bila viatu.