Dada Kinyaa na Randa ya Umeme

Mtaa mzima ulimwita Dada Kinyaa, na tusidanganyane, jina lilimfaa. Kikombe kikiwa na alama ya mdomo wa mwenzake, hanywi. Ukipiga chafya karibu na sahani yake, basi sahani hiyo ni yako, kula ushibe. Sasa mtu wa namna hiyo alifuata nini kwenye useremala, kazi ya vumbi, gundi na jasho? Ukimwuliza, anasonya kwanza, kisha anakwambia vumbi la mbao halina neno. Kinachomchefua yeye ni uvivu wa mtu kuganda kwenye kifaa.

Kazi aliirithi kwa baba yake, yeye na mdogo wake wa kiume, mtu mzima mwenye mke na watoto, ambaye wateja walimbandika jina la Fasta. Baba yao alipofariki, mama aliwakalisha chini akawaambia karakana ni yenu wote wawili, vifaa mtumie pamoja, sitaki kusikia ugomvi. Basi huo upamoja ukawa hivi: Fasta anatumia, dada anasafisha.

Na katika vifaa vyote, kilichomkata maini ni ile randa ya umeme. Akiitumia yeye, haiweki chini kabla visu havijatulia kabisa. Akimaliza, anachomoa plagi kwanza, ndipo anaigeuza chali, anapiga brashi kila pembe, anafuta ulimbo kwa kitambaa, anatazama kama visu vyote viwili vimekaa sawa. Fasta je? Thubutu! Fasta anaibwaga ikiwa bado inanguruma, anaenda kupokea simu.

Mvua zilipokolea, mshonaji wa mtaa wa pili aliwaita. Mlango wake wa mbele ulikuwa umevimba hata haufungi, naye analala na vitambaa vya watu ndani. Wakaenda wote wawili. Wakaung'oa mlango kwenye bawaba, wakausimamisha ubavu barazani, wakaubana katikati ya mabenchi mawili. Dada akafungua sanduku la randa.

Jamani! Kwanza ilimpiga harufu. Maranda mabichi ya kazi ya Fasta ya wiki iliyopita yalikuwa yameozea mle ndani yakaota ukungu. Ulimbo mweusi umeganda kwenye bamba la chini, na juu yake umenasa unywele mrefu na bawa la mende. Kisu kimoja kilikuwa na pengo, maana kuna bwana aliipitisha randa juu ya msumari bila kukagua ubao. Waya umechubuka, na pale palipochubuka pamefungwa mfuko wa plastiki. Halafu kwenye swichi, ule ule ujinga wa siku zote: kipande cha mpira wa baiskeli kimekazwa kisawasawa, ili mashine ikimbie yenyewe bila kubanwa na kidole.

"Fasta," alisema, mate yamemjaa mdomoni. "Hiki ni nini?"

"Dada, kidole kinachoka."

"Kidole kinachoka! Mtu ukiiachia hii mashine inatakiwa izime. Wewe unaifunga ili iwake hata ukianguka?"

"Ah, kinyaa chako hiki kitatuua kwa njaa. Mteja anasubiri."

Dada aliukata ule mpira kwa kisu akautupa mtaroni. Akakwangua, akasugua, akabadilisha visu, akaukata waya pale palipochubuka na kuufunga upya kwenye plagi. Kila alipotoa bonge la uozo, alilishika kwa ncha za vidole na uso umemkunjamana. Alipomaliza, mikono ilikuwa inamnuka, hakuweza kuvumilia. Akamwambia Fasta aanze ukingo ulioelekea juu taratibu, mikono miwili, naye akaingia uani kwa mshonaji kuomba maji na sabuni.

Alikuwa bado anajisugua kucha aliposikia randa inaunguruma, inakohoa, kisha kimya. Redio ya jirani nayo kimya. Umeme umekatika. Akatoka, mikono inachuruzika.

Fasta alikuwa amekaa kwenye ngazi, randa ameipakata chali mapajani, kidole amekizamisha katikati ya visu, anachokonoa maranda yaliyoloa. Na kwenye swichi amekaza mpira mwingine. Kumbe alikuwa na akiba mfukoni!

"Toa kidole!"

"Tulia dada, umeme haupo."

"Ukirudi je? Toa nakwambia!"

"Ngoja kidogo, nimekishika hiki kibonge kizima..."

Dada hakungoja. Alijifuta mikono kwenye gauni lake mwenyewe, yeye huyo huyo, akaingia ndani mbio, akaruka mzigo wa vitambaa, akajipenyeza nyuma ya cherehani na kuing'oa plagi ukutani. Hajanyoosha hata mgongo, taa ikawaka, feni ikaanza kuzunguka, na redio ya jirani ikapasua kuta. "Huo, umerudi!" mshonaji akashangilia.

Alirudi barazani. Kidole cha Fasta kilikuwa bado kiko mle mle. Fasta aliitazama taa, akaitazama randa, halafu akacheka. Akacheka mpaka akajipiga paja. "Dada, mimi nina bahati, wee acha tu!"

Hapo ndipo Dada Kinyaa alipotapika. Ukungu aliushika, bawa la mende aliling'oa, tumbo likavumilia. Kicheko kile hakikukalika tumboni. Aliinama mtaroni akatapika hadi machozi yakamtoka. Kisha akachukua randa ya mkono, akaumaliza mlango peke yake, na ile ya umeme akaondoka nayo, akaifungia kabatini kwake kwa kufuli.

Fasta hakukawia kwenda kushtaki. Mama yao akawaita sebuleni kwake, akawamiminia chai. Fasta amejikunyata kwenye kochi, uso wa yatima.

"Mwanangu, tangu lini umekuwa mkono wa birika?" mama alimwuliza dada. "Mashine ya baba yenu hiyo. Mpe mwenzio afanye kazi."

"Nitampa, mama. Ila chagua kidole."

"Kidole gani tena?"

"Cha kumkata. Mpira ule hatauacha, na siku moja sitakuwa karibu na plagi. Kwa hiyo chagua sasa, nijue." Akamsimulia yote, mpaka kicheko.

Mama aliuvuta mkono wa mwanawe kama kwa mzaha, akauweka mapajani. Akashika kidole cha mwisho, akakiacha. Akashika cha pete, akakigeuzageuza, akakiacha. Alipofika cha shahada akakikamata kwa mikono miwili, na Fasta hacheki tena.

"Ndicho hiki kilichokuwa mle ndani?"

"Ndicho, mama," Fasta akajibu.

Mama alikifumbata kidole kile kiganjani, na hakukiachia mpaka chai yote ikapoa.