Mawaridi ya Nekesa

Watu wa Kaloleni wamenipa jina jipya, na kusema kweli silichukii.

Nimefanya vibarua vingi, lakini ufundi wa maua nilijipa mwenyewe. Mama Nekesa, jirani yangu, alikuta wadudu wadogo wa kijani wamejaa kwenye mawaridi aliyoyapanda kwa ajili ya harusi ya bintiye. Nikamwambia, "Mama, niachie mimi." Niliwahi kusikia kwamba maji ya sabuni na pilipili huwamaliza. Kipimo sikuuliza, nikatwanga pilipili sufuria nzima. Wadudu wakafa wote. Asubuhi ya harusi nikanyunyiza tena, ili niwe na uhakika, ndipo maua yakakatwa.

Kanisani Nekesa aliyanusa, machozi yakamtiririka. Nikavimba kichwa. Nikamnong'oneza mzee niliyeketi naye, "Unaona? Maua hayo nimeyatunza mimi."

Pasta akafunga kitabu. "Binti yangu, mbona unalia? Umelazimishwa?"

Bwana harusi akakauka.

Nekesa akapiga chafya tatu. "Hapana, Pasta, nampenda! Ni haya maua, yana pilipili!"

Yule mzee akasimama, akanishika bega kwa upole.

"Mwenye pilipili ni huyu hapa."