Cherehani Juu ya Paa la Papa Ilunga

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Doornfontein, huku kusini tulikohamia. Sikuwa nimelewa wala sikuwa naota. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Kazi yangu ni kufunga vibanda vya kulala mgongoni mwa pikapu, vile ambavyo paa lake huinuliwa ukifika pa kulala. Kila paa lina kibandiko kinachosema linabeba kilo ngapi likiwa juu. La Papa Ilunga, tuliyesali naye kanisa moja, liliandikwa hamsini. Nililifunga mimi, na kibandiko nilikisoma.

Alikuwa anakwenda Lubumbashi kwa Krismasi. Unatujua Wakongo. Mtu akisema anakwenda nyumbani, kanisa zima linamletea mifuko: mfikishie mama, mfikishie shemeji. Nani atakataa? Ndani palijaa, mifuko ikapanda juu ya paa. Papa Ilunga akanigeukia mbele ya watu wote.

"Fundi, hii paa inabeba kilo ngapi? Niambie kweli."

Nilipaswa kusema hamsini. Lakini mkononi nilikuwa na cherehani ya chuma niliyomnunulia dada yangu aliye kule Lubumbashi, kilo kumi na tano, na mizigo ilishapita mia. Nikasema, "Eish, Papa, hiyo namba wanaiandika ndogo makusudi. Itabeba tu." Nikapanda, nikaifunga cherehani kwa kamba, kwa mikono yangu hii.

Jumatatu iliyofuata, saa saba mchana, umeme umekatika na karakana iko kimya, nikamwona Papa Ilunga mlangoni. Alikuja kwa miguu, vumbi mpaka kwenye kope, cherehani begani.

"Papa, umerudi? Gari imekufa?"

Aliitua cherehani juu ya meza yangu taratibu, akauliza, "Fundi, kilo ngapi?" Kisha akatoka. Nilimkimbilia mpaka kwenye robot, zile taa za magari pale kona. Wauza matunda wanakaa pale kutwa nzima, na hakuna aliyemwona akipita.

Niliporudi, simu ilikuwa inalia. Mtu wa kanisani akaniambia Papa Ilunga alifariki jana yake, Jumapili, njiani huko Zambia. Aliinua paa na mizigo yote juu yake ili apate pa kulala, likamshukia kifuani akitandika kitanda. Sasa niambie wewe, cherehani ile aliileta nani?

Msibani, wale wale waliopakia mifuko ndio waliolia kwa sauti kubwa kuliko wote. Mimi nilikuwa miongoni mwao, na najichukia kwa hilo.

Baada ya mazishi, mjane wake, Mama Sifa, alipita karakana. Akaiona cherehani mezani, aliyojua nimemnunulia dada yangu, akanishika mikono huku analia. "Kumbe wewe hukumupakia yako. Wewe peke yako ulimuhurumia bwana yangu. Mungu akubariki."

Nikanyamaza. Mpaka leo nimenyamaza, na kila Jumapili ananiwekea nafasi kwenye benchi lake.

Cherehani ipo pale pale. Wanaume wanne wameshindwa kuinyanyua, na dada yangu bado anaisubiri. Basi wewe, ukisikia mtu anasafiri, kabla hujampelekea mfuko wako, uliza paa lake linabeba ngapi. Na akikuuliza wewe unayejua, mjibu kweli. Mimi jibu nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza kwa ajili ya kilo kumi na tano.